Kiti Kimoja cha Greenland katika Bunge la Ulaya

Zikitajwa nchi jirani, bila shaka huwazia kwanza mpaka, kituo cha forodha na watu wanaovuka asubuhi kwenda sokoni. Leo nakualika uutazame ujirani wa namna nyingine. Kutoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, hadi Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ni takriban kilomita 3,500, na nchi iliyo karibu zaidi na Greenland ni Kanada. Hata hivyo Denmark na Greenland ziko chini ya ufalme mmoja, na Juni 1979 zilishiriki pamoja katika uchaguzi wa kwanza wa Bunge la Ulaya uliofanywa na wananchi wenyewe.

Kabla ya mwaka huo, wajumbe wa Bunge hilo waliteuliwa na mabunge ya nchi zao. Ukitaka mfano wa utaratibu unaofanana na huo, litazame Bunge la Afrika Mashariki lililopo Arusha: hadi leo wabunge wake tisa kutoka kila nchi huchaguliwa na bunge la nchi hiyo, si na wapiga kura vituoni. Mwaka 1979 Ulaya iliuacha utaratibu huo. Nchi tisa zilichagua wabunge 410, na Denmark ikapewa viti 16. Viti 15 vilikuwa vya Denmark yenyewe. Kimoja kilitengwa kwa ajili ya Greenland, ambayo wakati huo ilikuwa na watu wapatao 50,000 tu katika eneo linalozidi kilomita za mraba milioni mbili.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnajifunza lugha. Neno "kura" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahati nasibu: kitu kinachotupwa ili kiamue nani apate nini. Ndiyo maana kwa Kiswahili watoto wanaogombea embe moja huweza "kupiga kura" bila kuwa na sanduku wala karatasi. Maana zote mbili ziwekeni akilini.

Maana Greenland ilijikuta katika Jumuiya ya Ulaya kwa namna iliyokaribia bahati nasibu. Tarehe 2 Oktoba 1972 Denmark iliitisha kura ya maoni: tujiunge au tusijiunge? Asilimia 63 walisema ndiyo. Huko Greenland, asilimia 70 walisema hapana. Lakini kura zilihesabiwa kwa pamoja, na sauti ya watu wachache wa kaskazini ikamezwa na sauti ya mamilioni ya kusini. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme huohuo, vilibaki nje kwa sababu vilikuwa na serikali ya ndani tangu mwaka 1948. Greenland haikuwa nayo. Tofauti hiyo ya kisheria, ambayo mtu angeweza kuidharau akiisoma kitabuni, ndiyo iliyoamua nani awaruhusu wageni kuvua samaki katika bahari yake.

Samaki ndio waliokuwa kiini cha mgogoro. Katika nchi isiyolimika kwa sehemu kubwa, bahari ndiyo shamba. Baada ya kujiunga, mamlaka juu ya uvuvi yalihamia Jumuiya, na watu wa Greenland wakaziona meli kubwa za Ulaya zikivua karibu na kwao. Hasira hiyo ilikuza madai ya kujitawala, na tarehe 1 Mei 1979 Greenland ikapata serikali yake ya ndani. Mwezi uliofuata ukaja uchaguzi wa Ulaya.

Huko Denmark kwenyewe wapiga kura hawakuonyesha shauku. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 48, ilhali katika uchaguzi wa bunge la nchi uliofanyika Oktoba mwaka huohuo walizidi asilimia 85. Hata baadhi ya waliojitokeza walikwenda kupinga: Vuguvugu la Wananchi lililoikataa Jumuiya lilipata takriban asilimia 21 ya kura na viti vinne. Mmoja wa wanne hao, Jens-Peter Bonde, alikaa katika Bunge hilo hadi mwaka 2008. Miaka 29 ni mingi kwa mtu aliyeingia akiwa mpinzani wa nyumba yenyewe.

Greenland ilimchagua Finn Lynge wa chama cha Siumut, aliyewahi kuwa padri Mkatoliki na kisha mkuu wa redio ya Greenland. Chama chake kilitaka kutoka katika Jumuiya. Kwa hiyo mbunge huyo alitumwa mahali ambapo waliomtuma hawakutaka kubaki. Usidhani alikwenda kukaa kimya. Bunge lilipotaka ngozi za watoto wa sili zizuiwe kuingia Ulaya, yeye aliwatetea wawindaji wa Kiinuit, ambao hawakuwa wakiwinda watoto hao lakini biashara yao yote ya ngozi iliporomoka. Alikuwa mtu mmoja kati ya mamia, na marufuku ilipitishwa mwaka 1983.

Tarehe 23 Februari 1982 watu wa Greenland walipiga kura ya maoni yao wenyewe, na safari hii zilihesabiwa kura zao peke yake. Takriban asilimia 53 walichagua kutoka. Mazungumzo yakachukua miaka, hasa juu ya samaki, hadi ikakubaliwa kwamba Jumuiya italipa ili meli zake ziendelee kuvua. Greenland ilitoka rasmi tarehe 1 Februari 1985. Kiti chake hakikufutwa. Kilihamishiwa Denmark, ambayo ikawa na viti vyote 16.

Hadi leo mzaliwa wa Nuuk ni raia wa Denmark. Akihamia Copenhagen, anaweza kupiga kura ya Bunge la Ulaya. Akirudi kuishi kwao, hana kituo cha kuipigia.