Swali la Mama

Jioni moja mwaka 1947, huko Limuru, mama alimuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule. Mtoto alikubali, naye mama akamtaka aahidi kuwa hataacha masomo kwa ajili ya njaa wala taabu nyingine. Mama huyo alikuwa Wanjikũ. Mtoto alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mwaka 1964 swali hilo lilijitokeza mwanzoni mwa Weep Not, Child, riwaya aliyoiandika akiwa mwanafunzi wa Makerere. Humo mama anaitwa Nyokabi, na mtoto ni Njoroge. Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba Njoroge ndiye Ngũgĩ. Lakini mwaka 2010, miaka 46 baadaye, zilitoka kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja, unaona jinsi alivyoyapanga upya maisha yake.

Mtazame baba. Baba yake Ngũgĩ alikuwa na wake wanne. Wanjikũ alipigwa, akarudi kwa baba yake mzazi. Baadaye Ngũgĩ na mdogo wake nao wakafukuzwa, wakamfuata. Ngotho wa riwayani ana wake wawili, na boma lake lina sifa ya utulivu. Vita vinapopamba moto, anajitwika kosa la mauaji ili kumwokoa mwanawe, anateswa, na anakufa. Mwana aliyefukuzwa na baba alimwandika baba anayewafia wanawe.

Mtazame kaka. Wallace Mwangi, kaka yake Ngũgĩ, alikuwa seremala. Mwaka 1954 aliwaponyoka polisi waliomkamata na risasi, akaingia msituni kujiunga na Mau Mau. Ngũgĩ alikisikia kisa hicho njiani, watu wakikisimulia kama habari ya mtu baki, na alipofika nyumbani ndipo alipojua kwamba huyo mtu ni kaka yake. Riwayani kaka huyu mmoja ni kama amegawanywa: useremala anao Kamau, msitu anao Boro, na jina la Mwangi amepewa ndugu aliyekufa katika Vita vya Pili vya Dunia.

Kisha njoo kwa mtoto mwenyewe. Ngũgĩ aliingia Alliance mwaka 1955, kaka yake akiwa bado msituni. Aliporudi likizo ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa. Hata hivyo alirudi shuleni, akamaliza. Njoroge hakupewa nafasi hiyo. Maofisa wanamtoa shuleni Siriana, wanamtesa, na masomo yanaishia hapo. Njoroge ni mtoto ambaye Ngũgĩ angeweza kuwa, lau siku moja tu mlango wa darasa ungefunguliwa na askari.

Baba akarekebishwa, kaka akagawanywa, mtoto akanyang'anywa shule. Mama ndiye aliyeguswa kidogo zaidi. Njoroge anapokata tamaa na kwenda kwenye mti kujinyonga, sauti inayomwita gizani ni ya Nyokabi, yuleyule aliyemuuliza kama angependa kwenda shule. Hana tena shule ya kumpa. Anamchukua, wanarudi nyumbani pamoja.