Simu ya kopo Raskazone, na Mwingereza aliyeitwa muongo

Ukitaja historia ya Raskazone, watu wanakuwahi: Novemba 1914, wanajeshi walioletwa kutoka India, nyuki. Leo nawaachia wengine hayo. Mimi nilikwenda pale na makopo manne ya maziwa, msumari na mshipi wa kuvulia, nikakaa na watoto kama kumi wa mtaani.

Simu ya kopo wengi tumeicheza. Unatoboa kitako, unapitisha uzi, unapiga fundo, unaukaza. Nikawauliza sauti inapita wapi. Jibu likaja kwa mkupuo: ndani ya uzi kuna tundu! Sikucheka, maana mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi darasa la sita na hakuna aliyenisahihisha. Nikawakatia kipande cha mshipi, nikawaambia watafute hilo tundu. Wapi! Basi nikamwambia mmoja aguse kitako cha kopo mwenzake akiongea. Akashtuka: "Kinatetema!" Hapo ndipo penyewe. Sauti inatikisa kitako, kitako kinavuta na kulegeza uzi, na uzi unatikisa kitako cha upande wa pili. Uzi ukilegea, mtetemo hauna pa kupita.

Sasa historia. Wengi tunadhani simu ilianza na Alexander Graham Bell, 1876. Lakini miaka 211 kabla yake, mwaka 1665, Robert Hooke wa London alitoa kitabu cha *Micrographia*, kile chenye mchoro maarufu wa kiroboto. Katika dibaji yake anaeleza kwamba alitumia waya uliovutwa kupeleka sauti mbali, tena papo hapo. Ukipiga hesabu unamwelewa. Kwenye hewa sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwenye chuma ni kama 5,000. Waya wa mita 100 sauti inaumaliza kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Nani angehisi amechelewa?

Na simu hizi hazikubaki kuwa mchezo. Hata baada ya Bell, Marekani ziliuzwa simu za waya mkavu, bila umeme, kwa watu waliotaka kuunganisha nyumba na duka bila kukodi chombo cha kampuni yake. Hataza ya kwanza ya Bell iliisha 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alipoleta miche ya katani huku kwetu. Ikapona 62 tu. (Ndiyo, uzi wa katani nao tuliujaribu. Unafanya kazi ukiukaza sawasawa.)

Tatizo langu lilianzia kwa Hooke. Anasema pia kwamba waya unaweza kukunjwa kona nyingi na sauti ikapita. Nikawasomea hilo kwa madaha. Kijana mmoja, miaka tisa hivi, akachukua kopo akazunguka nalo pembe ya ukuta, mshipi ukauegemea ukuta. Kimya. Akarudi: "Dada, huyo mzungu wako muongo."

Sikuwa na jibu. Nina shahada ya uzamili na nilikuwa nimewapa watoto neno la kitabu ambalo sijalijaribu hata mara moja. Ilinikera wiki nzima. Nyumbani nikahangaika na mshipi na miguu ya meza mpaka nikaona: kona haina kosa, kosa ni kugusa. Ukuta unaumeza mtetemo. Pale kwenye kona mshipi unatakiwa uning'inie kwenye kitanzi cha uzi mwembamba, usiguse kitu kigumu. Baadaye nikasoma kwamba mafundi wa zile simu za Marekani nao walipitisha waya wao kwenye vitanzi.

Jumamosi iliyofuata tukafunga kitanzi kwenye tawi la mwarobaini. Yule kijana akaenda nyuma ya ukuta, mimi nikanong'ona. Sauti ilifika hafifu, lakini ilifika. Akachungulia pembeni ya ukuta, hakusema lolote kuhusu mzungu, akauliza kama tuna uzi wa kutosha kona ya pili.