Gereta, Emmanuel
Mwanaikolojia Mtanzania wa Hifadhi za Taifa (TANAPA). Utafiti wake wa maji ya Serengeti una uzito wa pekee kwa Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake yakiwa Bariadi, kwa kuwa Pori la Akiba Maswa limeungana na hifadhi hiyo. Katika makala alizochapisha na Eric Wolanski mwaka 1998 na 2001, alionyesha kuwa ubora wa maji, si wingi wake tu, huongoza wanyama: kiangazi kikiingia, madimbwi ya nyanda za kusini hupungua, chumvi huzidi, na nyumbu huondoka. Mwaka 2002 yeye na wenzake walionya kwamba kuchepusha maji ya Mto Amala nchini Kenya kungeweza kuuathiri Mto Mara na kuua nyumbu wengi wakati wa ukame mkali.

Watafiti Holdo, Holt na Fryxell walihitimisha mwaka 2009 kuwa mvua na virutubisho vya nyasi hueleza uhamaji wa nyumbu vizuri zaidi. Hoja yao ni nzito, lakini haiufuti mchango wa Gereta. Nyumbu anayefuata nyasi lazima anywe, na kaskazini mwa Serengeti mto wa kudumu ni Mara. Kwa Simiyu, ambako mto mkuu unaoingia Ghuba ya Speke hupungua sana kiangazi, kulinda wanyama bila kupima maji ni kazi nusu.