KIFAFA, DAWA NA NGOZI KUBABUKA (sehemu ya 4)

Leo namjibu mama wa hapa Ganako: "Nesi, wawili wanakunywa dawa ileile ya kifafa, mbona mmoja kababuka kama kamwagiwa maji ya moto?"

Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliandika kuhusu wavulana wawili wenye homa, upele mwilini, vidonda mdomoni na macho yaliyoharibika. Ndiyo maana wodini mnasikia "Stevens-Johnson".

Fenobabito ilishaanza kutibu kifafa tangu 1912. Kule Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliwapa wagonjwa dawa hiyo miaka ya 1960. Watu walikuwa wanaogopa hata kumgusa aliyeanguka, wakihofia mate yake. Vidonge viliwasaidia wengi. Natanguliza hili ili mtu asisome huku chini akatupa dawa zake!

Kabamazepini ilikuja baadaye. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walipima wagonjwa 44 waliobabuka kwa dawa hiyo. Wote 44 walikuwa na alama moja ya kurithi, HLA-B*15:02. Kati ya 101 walioitumia bila shida, walikuwa nayo 3 tu. Alama hizi ni kama NIDA ya seli, kinga ya mwili huisoma. Dawa ikinata pale, kinga inaona adui na kushambulia ngozi ya mwenyewe. Kwa hiyo mama, siyo kurogwa, wala siyo kuzidisha dozi.

Sasa sisi? Alama hiyo ni nadra sana kwa Waafrika, lakini watu wetu nao wanababuka. Kipimo hicho hakitulindi. Kinachotulinda ni macho yetu, hasa miezi 2 ya kwanza ya dawa: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi kuuma, malengelenge. Usimeze dozi inayofuata, njoo hospitali siku hiyohiyo na pakiti yako, maana kuacha dawa ghafla nako kunaweza kuleta degedege. Usisubiri lifti ya siku ya mnada.

Nilipoanza kazi, sitataja wapi, tulimpokea kijana aliyewahi kubabuka kwa kabamazepini. Kadi haikuandikwa kitu, akapewa fenitoini, ambayo ni kama ndugu yake. Akababuka tena. Alipona, ila jicho moja halioni vizuri mpaka leo.

Kama yamekukuta, dai jina la dawa liandikwe kwenye kadi yako kwa wino mwekundu. Na wadogo zako wa tumbo moja wakianzishiwa dawa hizo, wamwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.