Mabaharia wa Pegasus

Mnara huu wa taa wa chuma wa Ras Kigomasha, Pemba, ulijengwa mwaka 1900. Ulikuwa na miaka 14 vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika bahari ya Zanzibar.

Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Haikuweza kung'oa nanga ikakimbia. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji, ikatokeza na kuanza kupiga. Mizinga ya Pegasus ilijibu, lakini haikuwa na masafa ya kutosha: makombora yake yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Siku hiyo hiyo Pegasus ikazama.

Walikufa mabaharia 38. Wengi wao walizikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, ambako makaburi yao yapo hadi leo chini ya miti. Aendaye Unguja kwa boti na apitie huko. Ni mwendo mfupi tu kutoka Mji Mkongwe.

Königsberg nayo haikurudi kwao. Ilizibiwa njia Rufiji, ikapigwa, na Julai 1915 mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga ya mahasimu hawa wawili iliopolewa, ikatumika tena katika vita vya nchi kavu. Mmoja wa kila meli umewekwa Fort Jesus, Mombasa, upande wa kaskazini, ng'ambo ya Mkondo wa Pemba.