Kubanika si kuchoma

Mwambie mpishi wa mjini "nibanikie nyama", huenda akakuletea mishikaki. Simlaumu sana. Kitenzi banika kina undugu na bana: kijiti hupasuliwa, nyama ikabanwa katikati, kisha kikachomekwa kando ya moto. Kando, si juu ya makaa. Hapo ndipo neno hili linapoachana na choma. Nyama ya kuchoma huliwa papo hapo. Ya kubanika hutaka subira, joto dogo na moshi mwingi, mpaka iwe nyeusi na nyepesi kama gome.

Mwindaji alibanika kwa sababu ya safari, maana swala mbichi hasubiri siku tatu za njiani. Nyama mbichi ni maji kwa takriban robo tatu. Yakitoka, protini hubaki imejikusanya, ndiyo maana kipande cha ukubwa wa kiganja hutosha sufuria nzima. Moshi wenyewe hauongezi lishe. Unaongeza harufu, na kwa harufu ile tunausamehe ugumu wa nyama. Kwa kuwa swala hana mafuta mengi, mpishi ajuaye huiloweka nyama kwa maji ya moto, huosha masizi, huichemsha hadi ilegee, kisha huiunga kwa karanga za kusaga. Ugali haubaki.

Neno litumie popote. Nyama je? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977; Tanzania, nyamapori huuzwa kwenye mabucha yenye leseni. Ukinunua, dai risiti.