Asili ya Mpaka wa Miaka 13

Msomaji, kama umewahi kujiandikisha katika mtandao wowote wa picha au mazungumzo, bila shaka uliulizwa tarehe ya kuzaliwa kwako. Mlinzi wa lango lile alitaka kujua jambo moja tu: umetimiza miaka 13 au hujatimiza? Wazazi wengi hudhani kwamba umri huo ulichaguliwa na wajuzi wa malezi, baada ya kupima akili na tabia za watoto. Sivyo. Mpaka huo ni mtoto wa biashara, na mzazi anayeuegemea bila kujua asili yake huegemea ukuta uliojengwa kwa haja nyingine.

Intaneti yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya watoto. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, 1969, kompyuta ya chuo kikuu kimoja mjini Los Angeles ilijaribu kupeleka neno kwa kompyuta nyingine iliyokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi mbili zilifika, kisha mtambo ukazimika. Kwa miaka 20 na zaidi baada ya hapo, njia ile ilikuwa ya wanachuoni na watumishi wa serikali. Hapana aliyefikiri juu ya usalama wa mtoto, kwa kuwa hapakuwa na mtoto ndani ya nyumba hiyo. Mwaka wa 1991 kazi ya Mwingereza Tim Berners-Lee ilifungua kurasa za mtandao kwa umma, na haukupita muda watoto wakaingia.

Wafanyabiashara waliingia pamoja nao. Walitengeneza kurasa za michezo na zawadi, na mtoto aliyetaka kucheza aliambiwa aandike kwanza habari zake. Mwaka wa 1998 tume ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilikagua kurasa 212 za watoto. Ikaona kuwa asilimia 89 zilikusanya habari za watoto, na zilizompa mzazi uwezo wowote juu ya jambo hilo hazikufika asilimia 10. Fikiri, msomaji: mgeni angebisha hodi mchana, akamwuliza mtoto wa miaka 8 jina lake kamili na mahali anapokaa, majirani wangepiga ukelele. Mgeni huyu hakubisha hodi, wala majirani hawakumwona.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule sheria ikatungwa, nayo ikaanza kutumika Aprili, 2000. Ilikataza kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Makampuni mengi yaliona kwamba kuomba idhini ni kazi na gharama. Yakaona heri kuwafungia watoto hao mlango. Na kwa kuwa makampuni hayo yameenea duniani, mpaka wa Marekani ukafika Kisumu na Lamu bila ya kupigiwa kura na mtu. Walakini mlinzi aliyewekwa hapo kwa miaka mingi alikuwa na mdomo bila macho. Mtoto wa miaka 10 alijiongezea mitatu, lango likafunguka.

Kwetu Kenya, mwanzoni mwa karne hii, watu wengi waliitumia intaneti katika vyumba vya kompyuta mjini, wakilipa kwa dakika. Kurasa zilifunguka kwa mwendo wa kobe. Taabu ile ilikuwa ulinzi ambao hapana aliyeukusudia: kompyuta ilikaa mezani, na kila aliyepita aliona kioo chake. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Baadaye simu zenye intaneti zikaenea. Mlango ulihama mezani ukaingia mfukoni, na usiku ukaingia chini ya blanketi.

Bunge letu halikulala. Lilitunga sheria ya makosa ya kompyuta mwaka wa 2018, na ya kulinda habari za watu mwaka wa 2019, ambayo hutaka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Na katika Kenya mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa maoni yangu hapo tumewashinda Wamarekani. Lakini hakimu huja baada ya kilio. Wa kuja kabla yake ni mzazi, na mzazi aghalabu humwita mwanawe amfungulie simu yake mwenyewe. Labda mtoto huyo ni wewe.

Basi ujue jinsi mwovu anavyofanya kazi, umweleze na mama yako. Huanza kwa sifa, huomba picha, kisha husema, “Usimwambie mtu.” Siri ndiyo silaha yake. Mzazi anayetisha kwamba atainyang'anya simu humpa mwovu silaha hiyo bila kujua, maana mtoto atanyamaza. Mzazi aliyekwisha kusema, “Lolote likikupata niambie, sitakupiga,” amemnyang'anya. Yaliyobaki ni madogo: simu zilale sebuleni, wageni wafungiwe ukurasa, mahali ulipo pasionyeshwe. Na vitisho vikija, usilipe wala usipeleke picha ya pili. Yahifadhi maneno yale yote kama yalivyo, umwonyeshe mtu mzima unayemwamini, au upige 116, simu ya kusaidia watoto nchini Kenya, ambayo haina malipo.